Ile "o" moja ya ziada iliyoua diski mama

Ijumaa iliyopita saa nane mchana nilikuwa hapo Adams napiga chapo madondo, simu ikaita, ni kijana wetu wa atachmenti. "Boss samahani nakusumbua, kuna kitu imeandika `grub rescue` na haitaki kuendelea." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, afunge hiyo VM (mashine pepe, kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) afungue ingine, si ndio maana tunatumia snapshot. Akanyamaza kidogo. "Nimefunga nikafungua mara tatu boss. Bado."

Hapo ndio madondo yalikosa ladha. `grub rescue` ni venye mashine inakwambia imekosa faili za kujiamshia.

Niwaeleze kwanza venye tunafanya. Tuko na kachumba ka kufundishia watu Linux hapa Ngong Road, ghorofa ya pili, kompyuta kumi na mbili za ex-UK na seva moja ambayo ndio inabeba mashine pepe zote kwa QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, na KVM, sehemu ya Linux inayoisaidia. Kuna imeji moja ya diski (faili inayokaa kama diski nzima) tunaiita diski mama, Debian, aina moja ya Linux, iko ndani, mazoezi yako ndani, na kila mwanafunzi akija anafunguliwa VM yake juu ya hiyo hiyo diski mama lakini na opsheni ya `-snapshot`, maana yake chochote utakachoandika hakiendi kwa diski yenyewe, kinaenda kwa faili ya muda, ukizima kinapotea na diski mama inabaki vile ilikuwa. Somo la Ijumaa ni la kuvunja. Tunafuta `/boot`, folda yenye faili za kuamsha mashine, makusudi, tunaangalia mashine inavyolia, alafu tunajifunza kuirudisha kwa mkono. Watu wanalipenda hilo somo kupita yote juu nani hapendi kuvunja kitu ambacho hatalipishwa.

Sasa kijana alikuwa anajaribu zoezi asubuhi kabla ya darasa la jioni, jambo zuri kabisa, na akaandika `./anzisha --snapshoot`. O mbili. Hakuna kitu kililalamika. VM ikafunguka vizuri kabisa, akaingia, akafuta `/boot` kama vile karatasi ya mazoezi inasema, na hiyo `/boot` ilikuwa ile ya ukweli.

Na kabla mtu amlaumu kijana, hiyo `anzisha` niliiandika mimi. Ni skripti ya Python, inasoma opsheni kwa argparse, maktaba ya Python ya kazi hiyo, alafu inatengeneza ule mstari mrefu wa amri wa QEMU ambao hakuna mtu anaweza kuukumbuka kichwani. Kwa argparse kuna njia mbili za kusoma opsheni. Kuna `parse_args`, hii ikikuta kitu haikijui inakwambia na inatoka, namba ya kutoka (ile programu inaacha ikifunga, 0 ikiwa ni salama) ni 2, mambo imeisha. Alafu kuna `parse_known_args`, hii inachukua zile inazijua na zile haizijui inakupatia pembeni kwa orodha yake, ujijue nazo. Mimi nilitumia hii ya pili juu nilikuwa na mpango mzuri sana kwamba zile zisizojulikana nitazipitisha moja kwa moja kwa QEMU ili mtu akitaka kitu cha ziada asiningoje. Huo mpango sikuwahi kuumaliza. Ile orodha ya pembeni nilikuwa naipokea na kuitupa, kila siku, miaka miwili.

Kitu kinaniuma zaidi ni kwamba ningekuwa nimeupitisha huo uchafu kwa QEMU kama nilivyopanga, QEMU ingetuokoa. Yenyewe haina huruma na jina isilolijua, inaandika `qemu-system-x86_64: --snapshoot: invalid option` na inatoka na 1, haijagusa diski, haijafungua dirisha, hakuna. (Inakubali dashi moja ama mbili, kwake ni sawa, kwa hivyo hata hapo isingekuwa shida.) Yaani mlinzi alikuwa mlangoni, mimi nikapitisha mgeni dirishani.

Alafu tulipewa onyo na tukalipuuza, hii sikuwaambia wenzangu siku hiyo lakini wacha niiseme hapa. Kwa saa nne unusu hivi asubuhi, wakati kijana bado anavunja, mimi mwenyewe nilijaribu kufungua VM na snapshot imeandikwa sawa, ikanikatalia: `Failed to get shared "write" lock`, ikaniuliza kama kuna mwingine anatumia imeji. Hiyo kufuli QEMU iliiweka kuanzia toleo la 2.10, mwaka wa 2017, kuzuia watu wawili kuandika kwa diski moja. Sasa fikiria, kama kila mtu anatumia snapshot basi wote wanaisoma tu diski mama, hakuna kugombana. Kufuli ikilia ina maana kuna mtu ameifungua kwa kuandika. Ningefikiria sekunde kumi ningejua. Badala yake nikasema aah ni mchakato wa jana umekwama, nitauua baada ya lunch. Nikaenda Adams.

Sasa tangu hiyo siku nimekuwa nikisoma venye programu za mashine pepe zinashughulika na opsheni mbovu, na nimegundua mambo ni mengi kuliko "kataa ama kubali". Kupuuza ndio mbaya kuliko yote, hiyo nimeshalipia karo. Lakini hata kukataa kuna kukataa.

Kwa QEMU, ambayo ni C, programu inaweza kufa kwa njia tatu ukiipa opsheni ya ovyo. Ya kwanza ni ya kiungwana, inaandika ujumbe, inaita `exit(1)`, inaenda. Ya pili ni `abort()`, hii ni kama mtu kujirusha chini, keneli, yaani kiini cha mfumo, inatuma signali ya SIGABRT na kwa terminali ukiuliza `echo $?` unapata 134, yaani 128 jumlisha 6. Ya tatu ni segfault, imegusa memori isiyo yake, unapata 139. Kwa macho ya mtu aliyekaa hapo zote ni sawa, VM haijafunguka. Lakini si sawa hata kidogo. `exit` inapitia zile kazi za kufagia zilizosajiliwa na `atexit`, `abort` haipitii, kwa hivyo kilichofaa kufagiwa hapo kinabaki bila kufagiwa. Na pia `abort` inaweza kuacha faili yenye picha ya memori yote ya programu, ambayo ni nzuri kama unatafuta bagi na ni upuzi kama shida ni kwamba mtu ameandika `virtio-nett` badala ya `virtio-net`.

Watu wa QEMU wamelifikiria hili hadi likaingia kwa kodi yenyewe. Kosa linabebwa ndani ya kitu kinaitwa `Error`, fankisheni inayoita inapitisha mahali pa kuliweka, na kuna sehemu mbili spesho: `error_fatal`, ukiipitisha hiyo basi kosa likitokea programu inaandika ujumbe na kutoka na 1, na `error_abort`, hii kosa likitokea programu inajirusha. Kanuni ni kwamba `error_abort` ni ya makosa ya mwandishi wa programu, kitu ambacho hakifai kutokea kabisa, sio ya makosa ya mtumiaji. Mtumiaji akikosea si bagi. Ni jambo la kila siku. Kwa hivyo `assert`, ukaguzi wa ndani unaoangusha programu, ikikupigia kelele juu umeandika namba vibaya kwa mstari wa amri, hapo ni mwandishi ndio amekosea mara mbili, kwanza hakukagua, pili amekurushia lugha yake ya ndani, namba ya mstari wa faili ya C ambayo wewe huna haja nayo.

Na hawategemei kanuni peke yake. Ndani ya kodi ya QEMU kuna skripti inaitwa `device-crash-test`, kazi yake ni kuchukua kila aina ya mashine na kila aina ya kifaa inavyovijua, inavichanganya, inaanzisha QEMU, na inaangalia kama imekufa kiungwana ama imekrashi. Haijali kama hiyo mchanganyiko ina maana. Nusu ya hizo hakuna mtu mwenye akili angezijaribu, na hiyo ndio maana nzima, juu mwanafunzi wa wiki ya kwanza atazijaribu zote kabla ya chai ya saa nne.

Lakini kuna mahali hata `exit(1)` inakuwa uuaji, na hapa ndio nilikaa nikishika kichwa. Opsheni kama `-device virtio-net-pci` unaweza kuipa mwanzoni kwa mstari wa amri. Ama unaweza kuchomeka kifaa hicho hicho mashine ikiwa tayari inaendelea, kwa monita ya QEMU (si skrini, ni mahali pa kuipa amri ikiwa inaendelea), na `device_add`. Kodi inayokagua ni ile ile moja. Sasa mwanzoni, kama hiyo kodi ikikuta kosa na kuita `exit(1)`, hakuna aliyeumia, mashine haikuwa imezaliwa. Lakini mashine ikiwa imeamka tangu Januari, database iko ndani, watu wako ndani, alafu wewe unachomeka kadi ya mtandao umekosea herufi moja na ile kodi inaita `exit` vile vile, umezima kila kitu. Bila kupiga shutdown. Umechomoa waya. Ndio maana kifaa hakiruhusiwi kujiamulia kufa, kinarudisha kosa juu kwa aliyekiita, na aliyekiita ndio anajua kama tuko mlangoni ama tuko ndani ya nyumba. Mwanzoni anatoka na 1, katikati anakwambia imeshindikana na mashine inaendelea na kazi yake kama hakuna kitu kimetokea.

Na kama ni `abort` katikati ni mbaya zaidi, juu ile picha ya memori nimetaja inaweza kubeba RAM ya mgeni, yaani ya ile VM, nzima, paswadi za watu na kila kitu, imekaa kwa diski ya seva ikingoja mtu aisome. QEMU ina `dump-guest-core=off` unaiweka kwa `-machine`, RAM ya mgeni isiingie kwa hiyo faili. Mimi nimeiweka sasa hivi nikiandika hii, sitadanganya eti ilikuwepo.

Kuna kisa kingine cha zamani kidogo ambacho nimekielewa leo tu. Kulikuwa na mteja fulani, sitamtaja, ana seva ya mahesabu ndani ya VM, inaanzishwa na systemd, programu ya Linux inayoanzisha huduma na kuziangalia. Wakafanya apgredi ya mfumo Ijumaa jioni, wakaenda nyumbani. Mstari wao wa amri ulikuwa na `-soundhw`, opsheni ya kadi ya sauti ambayo QEMU ilikuja kuiondoa kabisa. Usiniulize seva ya mahesabu inataka sauti ya nini, najua ulikopiwa mahali. QEMU mpya ikaona `-soundhw`, ikasema haiijui, ikatoka na 1, kiungwana kabisa. Lakini systemd ilikuwa imeambiwa `Restart=on-failure` na `RestartSec=5`, yaani ikianguka iiamshe tena baada ya sekunde tano. Kwa kawaida systemd inachoka ukianguka mara tano ndani ya sekunde kumi, lakini ukipumzika sekunde tano kila mara huwezi kufika hiyo tano, kwa hivyo haichoki. Ikaanzisha, ikafa, ikaanzisha, ikafa, kila sekunde tano hadi Jumatatu asubuhi. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mara elfu arobaini, na kila mara inaandika ujumbe ule ule sahihi kabisa kwa logi ambayo hakuna mtu anasoma.

Dawa yake ni mstari mmoja, `RestartPreventExitStatus=1`, yaani ikitoka na 1 usijaribu tena. Ama `Restart=on-abnormal`, ambayo inarudisha tu kitu kilichouawa na signali ama kilichokwama, sio kilichotoka chenyewe na namba. Na hapo ndio unaona kwa nini ile tofauti ya 1 na 134 si ya watu wa vitabu. systemd haisomi Kiingereza cha ujumbe. Inasoma namba. Programu ikijirusha na `abort` kwa sababu ya opsheni mbovu, systemd inaona maskini imepata ajali, wacha niinue. Ikitoka na 1, inaweza kuambiwa huyu amekataa mwenyewe, muache.

Java nao wana njia yao, si QEMU lakini pia ni mashine pepe ya aina yake na wengi wetu tunaishi nayo kazini. JVM (mashine pepe ya Java) ikiondoa opsheni haikuchomolei ghafla. Kwanza inaendelea kuifuata huku inakuonya kwamba imezeeka, alafu toleo la mbele inaipuuza huku ikisema imeipuuza, alafu mwisho inakataa kuamka. `MaxPermSize`, kikomo cha sehemu moja ya memori ya Java, ndio mfano kila mtu anaujua, Java 8 ilivyotoka 2014 hiyo sehemu ya memori haikuwepo tena, kwa hivyo opsheni ikawa inapuuzwa na onyo, na matoleo ya baadaye yakaja kuikataa kabisa. Kuna hata `-XX:+IgnoreUnrecognizedVMOptions`, unaiambia ipuuze zote isizozijua. Nilikuwa naiona kama kitu safi sana. Siku hizi nikiikuta kwa skripti ya mtu naiangalia venye unaangalia nyaya za stima zimeunganishwa na plasta.

Na kuna makosa ambayo hakuna programu itakushikia. `-m 4` kwa QEMU ni halali kabisa, namba bila herufi inahesabiwa kwa mebibaiti, kwa hivyo umeomba RAM ya mebibaiti 4 ukidhani umeomba giga nne. Inakupatia. Ama hii, skripti ya bash imeandika `-m $RAM -smp 2` (`-smp` ni idadi ya CPU) na hiyo `RAM` hakuna mahali imewekwa. `-m` inachukua neno linalofuata kama kiasi chake, yaani `-smp` imekuwa kiasi cha memori, na ile `2` imebaki peke yake bila dashi, na QEMU ikikuta neno halina dashi inalichukulia kuwa jina la faili ya diski. Itakataa, sawa, lakini ujumbe utakaopata hautakwambia kwamba ulisahau kuweka `RAM`. `set -u` juu ya skripti inaikamata kabla haijafika huko. Kwa upande wa CPU kuna `enforce`: ukiomba uwezo fulani wa CPU na hosti, yaani seva yenyewe, haina, kawaida yake ni kukuonya tu na kuendelea, lakini ukiongeza `enforce` kwa `-cpu` inakataa kuamka. Mimi nachukua hiyo, afadhali inikatalie saa mbili asubuhi nikiwa na chai mkononi.

Sasa hiyo Ijumaa. Bakapu ya diski mama ilikuwa ya wiki tatu, mazoezi mapya hayakuwa ndani, darasa ni saa kumi na moja unusu. Nikanakili ile imeji iliyokufa, nikawapatia wanafunzi nakala, nikawaambia leo si mchezo, hii imevunjika ukweli, anayeiamsha wa kwanza nanunua soda. Kumi na mbili wakaingilia. Wengi walikwama mahali pamoja, wakaingia na ISO (diski ya kusakinishia Linux), wakafanya chroot (kuingia ndani ya mfumo uliovunjika), wakareinstall `linux-image-amd64`, wakashangaa mbona `/boot` bado haina keneli, juu hiyo paketi ni jina tu inaelekeza kwa paketi ya ukweli, yenyewe haibebi faili ya keneli. Dada mmoja anayefanya kazi sayba Kawangware ndio alishtuka kwanza, akatafuta ile yenye namba ya toleo, akaiweka, akafanya `grub-install`, `update-grub`, ikaamka. Diski mama tunayotumia sasa ni yake.

`anzisha` nimeibadilisha usiku huo huo. `parse_args`, `allow_abbrev=False` pia, juu argparse kwa kawaida inakubali ukikatiza jina, watu walikuwa wanaandika `--snap` na inafanya kazi, na siku tukiongeza `--snapdir` yote yangeanza kulia. Nikahamisha usomaji wa opsheni uwe wa kwanza kabisa, zamani ilikuwa inatengeneza tap ya mtandao (kadi pepe ya kuunganisha VM) kwanza ndio isome, nikakuta tap tisa zimekaa kwa seva hazina mwenyewe. Na snapshot sasa ndio kawaida, mtu akitaka kuandika kwa diski mama lazima aseme `--andika-diski-mama`, neno refu makusudi, hauwezi kuliandika kwa bahati mbaya.

Jumatatu kijana akaniletea nyongeza yake, ametumia `difflib` ya Python, maktaba ya kulinganisha maneno, ukiandika `--snapshoot` inakuuliza je, ulimaanisha `--snapshot`? Safi sana. Alafu nikasoma chini kidogo nikaona ikipata moja inayofanana, inajirekebisha yenyewe na inaendelea. Nikamuuliza mtu akiandika `--andika-diski-mam` itafanya nini. Akaangalia skrini, akacheka, akafuta mistari minne.